Nyumba ikiungua, tuanze na orodha

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua ya kwanza, Kolwezi inaamka na moshi. Nyasi za kando ya barabara zinaungua, pori la miombo linaungua, mashamba yanaungua, na majivu meusi yanaangukia nguo zilizoanikwa. Huyu amewasha moto juu ya kusafisha shamba. Yule amewasha juu ya kufukuza panya wa pori. Mwingine alikuwa anachoma makala, akaacha tanuru bila mlinzi. Wengi tunapita bila kuangalia, kwa sababu tumezoea. Ni paka siku moto unapovuka njia na kupanda juu ya paa la mtu njo tunashituka.

Na hapa Dilala moto hautoki mu pori peke yake. Kuko mbabula iliyoachwa ndani ya nyumba na makala mekundu. Kuko mushumaa wakati umeme umekatika. Kuko waya tatu zilizofungwa pamoja na plastiki, na esanse mu chupa chini ya kitanda. Tena kuko moto ambao watu wanawasha makusudi juu ya kuondoa watu wengine. Mioto hii haifanani, lakini asubuhi yake inafanana: baba, mama na watoto wamesimama mbele ya kuta nyeusi, na jirani anauliza, « Sasa mutaanzia wapi? »

Gazeti letu linataka kujibu ulizo hilo leo. Watu wengi wanafikiri jibu ni malata, simenti na matofari. Hapana. Vitu hivyo vinakuja nyuma. Kitu cha kwanza ni orodha: nani alikuwa anaikaa, alikuwa na nini, na parsele ni ya nani. Mahali orodha inafanywa mbio na mbele ya macho ya watu wote, nyumba inasimama tena. Mahali haifanywi, hata milioni za dola zinapita na watu wanabaki inje.

Tuangalie kwanza siku zenyewe vile zinapita. Siku ya kwanza na ya pili, huruma ni nyingi. Majirani wanaleta sufuria, blanketi, unga. Kanisa linapitisha kapu. Ndugu anatoa chumba kimoja. Kama mama alikuwa mu likelemba, wenzake wanamusogeza mbele apate zamu yake mapema. Hii ni nguvu yetu, na hatuwezi kuidharau. Lakini kisha juma moja, kila mtu anarudia kazi yake. Chumba cha ndugu kinakuwa kidogo. Watoto wanaanza kukosa masomo kwa sababu madaftari na viatu viliungua. Hapo njo shida ya kweli inaanza, na hapo njo serikali ya karibu, ni kusema kartiye na komine, inapaswa kuonekana.

Moto hauunguze kitanda na nguo tu. Unaunguza karatasi. Kadi ya kura, karatasi ya parsele, cheti cha ndoa, matokeo ya masomo ya watoto, risiti za matofari, hata falanga zilizofichwa mu godoro. Katika muji mwingine, mtu asiye na karatasi anapata shida. Katika muji wetu, anaweza kupoteza udongo wenyewe. Tusisahau habari ya Kasulo, hapa hapa kwetu. Mwaka wa 2014, madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba za watu, na kisha siku kidogo parsele nyingi ziligeuka mashimo. Kuanzia pale, kila mtu mu Kolwezi anajua kwamba udongo ulio chini ya kitanda chake unaweza kuwa na bei kubwa kuliko nyumba iliyo juu yake. Kwa hiyo parsele iliyoungua, bila kuta na bila karatasi, ni parsele ambayo wengi wanaitazama. Leo ndugu wa marehemu anasema ni ya ukoo. Kesho mtu asiyejulikana anakuja na karatasi mpya. Mjane anayelala kwa shemeji yake hana nguvu ya kubishana.

Sasa tuseme juu ya Mukumbi, maana hakuna mfano ulio karibu zaidi. Mukumbi ilikuwa makao ya watu ndani ya konsesyo ya Mutoshi, karibu na Kolwezi. Kulikuwa majengo karibu 400, pamoja na masomo, kituo cha afya na kanisa. Tarehe 7 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2016, makao hayo yalichomwa moto. Mwezi wa tisa mwaka wa 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa sababu ya migodi. Wakaaji wa zamani waliwaambia watafiti kwamba waliochoma walikuwa askari wa Garde républicaine, na kwamba watu walipigwa. Mtoto mdogo mmoja aliungua, na alama zilibaki mu mwili wake. Kampuni ya Chemaf, yenye konsesyo, ilikana: inasema haikufanya kosa, wala haikuagiza askari kubomoa makao hayo.

Angalieni tarehe: mwezi wa kumi na moja. Kiangazi kimeisha, mvua imeanza. Mtu aliyeunguliwa mwezi wa saba anaweza kulala inje siku kidogo, anafinyanga matofari na jua linayakausha. Aliyeunguliwa mwezi wa kumi na moja hana jua. Udongo ni matope, nyasi za paa bado mbichi, na kila usiku ni hesabu ya mawingu. Zaidi, huo ni mwezi wa kulima. Aliyefukuzwa siku hizo anapoteza nyumba na mavuno ya mwaka unaofuata pamoja.

Kisha maandamano ya watu, mwaka wa 2019 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 1.5, na feza hizo zikapita kwa viongozi wa hapa. Lakini, ripoti inasema, kuko waliopokea dola 300 tu.

Tufanye hesabu kidogo, sawa vile mama wa soko anaifanya. Milioni 1.5 ukigawa kwa majengo 400, inakuwa dola 3,750 kwa kila jengo. Ukigawa kwa dola 300, inatosha jamaa 5,000. Hatusemi kwamba kila jamaa ilipaswa kupata kiasi kimoja. Mwenye vyumba vinne na mwenye kupanga chumba kimoja hawakupoteza sawasawa, na masomo na kanisa vina hesabu yao. Hatumshitaki mtu kwa jina. Tunasema hivi: kati ya 300 na 3,750 kuko nafasi kubwa sana, na kitu kinachoweza kueleza nafasi hiyo ni orodha ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Fulani, nyumba ya matofari ya kuchoma, vyumba vitatu, malata kumi na nane, miti ya maembe miwili, amepokea kiasi hiki, ametia sahihi hapa. Bila karatasi ya namna hiyo, aliyepewa 300 anafikiri ameibiwa, aliyegawa anasema ametukanwa, na kampuni inasema imelipa. Wote watatu wanaongea, na nyumba haisimami.

Na dola 300 inajenga nini? Msomaji asituamini sisi. Atoke, aende mu soko, aulize mwenyewe bei ya lata moja, ya mufuko wa simenti, ya kamyo ya mchanga, ya matofari mia moja. Aongeze mbao za paa, misumari, mulango, madirisha. Aongeze maji, maana fondasio haijengwi bila maji na mu kiangazi maji yanauzwa kwa bido. Aongeze mushahara wa masoni na chakula cha wasaidizi wake. Kisha aongeze kitu ambacho watu wanasahau: kodi ya chumba mahali jamaa italala wakati wa kujenga. Atakuta kwamba feza hiyo inaishia kabla kuta hazijafika kwenye madirisha. Ndiyo maana mu muji wetu kuko kuta nyingi zilizosimama bila paa. Wenye kuta hizo si wavivu. Walipewa nusu ya dawa.

Sheria haijanyamaza juu ya jambo hili. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kipengele cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na kama inachukuliwa juu ya faida ya wote, malipo yanapaswa kuwa ya haki na kutolewa kabla. Kabla, si kisha miaka mitatu na maandamano. Kodi ya madini ya mwaka wa 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inaagiza wakaaji wa udongo walipwe. Na kanuni za mwezi wa sita 2018 zina sehemu nzima juu ya kuhamisha watu: kuwahesabu, kuongea nao, kuwalipa, na kuwapa maisha yasiyo chini ya yale waliyokuwa nayo. Mukumbi iliungua kabla ya kanuni hizo kutoka. Lakini Katiba ilikuwako miaka kumi. Na kabla ya Mukumbi tulikuwa tumeona Kawama: mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2009, mashini zilibomoa mamia ya nyumba, na miaka mitano kisha, Amnesty ilipotoa ripoti, watu walikuwa bado wanalia haki. Tena mwezi wa kumi na moja, tena mvua.

Mtu atasema: hiyo ni habari ya migodi, na sisi nyumba yetu iliungua na mbabula, ao na moto wa pori. Ni kweli, hapo hakuna kampuni ya kudai. Lakini kuna komine. Na komine ya Dilala si masikini sawa zamani. Kwa sheria ya 2018, redevansi ambayo kampuni zinalipa juu ya madini inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda Kinshasa, 25 kwa mia inaenda kwa jimbo, 15 kwa mia inabaki kwa komine, sekta ao shefri ambayo mgodi uko mu udongo wake, na 10 kwa mia inawekwa juu ya vizazi vinavyokuja. Hiyo 15 kwa mia ni mali ya wakaaji. Inajenga masomo na barabara, na ni vizuri. Lakini tunauliza bourgmestre na washauri wake: ndani ya bajeti yenu, musitari wa walioungua ni wa ngapi? Si zawadi ya siku ya kupiga picha, mifuko mitano ya unga mbele ya kamera. Musitari wa kila mwaka, wenye kiasi kinachojulikana, na kanuni inayosema nani anapata nini na kwa siku ngapi.

Tunajua jibu litakalotoka: kuko waongo, kila mtu atasema ameunguliwa. Ni kweli, waongo wako. Lakini dawa ya waongo ni ile ile orodha. Shefu wa kartiye afike siku ile ile, ao kesho yake. Aje na majirani wanne wa avenia, wawili wanaume na wawili wanawake, wasiokuwa ndugu za aliyeunguliwa. Wapime fondasio kwa metere, maana moto unakula paa, haukuli fondasio. Wahesabu malata yaliyojikunja. Wapige picha kwa telefone. Waandike majina ya wote waliolala pale, wenye nyumba na wenye kupanga, maana mwenye kupanga naye alikuwa na kitanda na sufuria, na mara nyingi anasahauliwa. Waandike jina la mama pamoja na la baba, ili kesho mjane asiambiwe kwamba hakuwako. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote, itiwe sahihi, kopi moja ibaki kwa jamaa, moja kwa kartiye, moja kwa komine. Kazi hii haiombi milioni. Inaomba kalamu, metere na watu wenye haya.

Wenzetu wa Goma wanaweza kutufundisha, maana moto wao ni mkubwa kuliko wetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji, na mipaka ya parsele ikafunikwa na mawe. Watu walirudia, wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe meusi yale yale. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulitoka tena na kuunguza nyumba zaidi ya 3,000. Katika misiba yote miwili, jirani alikuwa ushuhuda wa jirani: hapa palikuwa kwa fulani, ukuta wake ulifika hapa. Kumbukumbu ya avenia ni kitu kikubwa. Lakini kumbukumbu inazeeka, na watu wanahama. Heri iandikwe wakati majivu bado ya moto.

Kisha orodha, njo tuongee juu ya kujenga, na hapo sisi wenyewe tuna kazi. Kujenga tena sawa vile ilivyokuwa ni kungojea moto mwingine. Nyumba iliyo kandokando ya nyasi inaomba eneo safi kuizunguka, lililolimwa ao kufagiliwa, ili moto ufike na ukose chakula. Jiko la nyasi lisibanane na nyumba kubwa. Malata ni ya joto, tunajua, lakini cheche ikianguka juu yake inazimika. Ikianguka juu ya nyasi kavu za mwezi wa tisa, hakuna ndoo itakayoifikia.

Tena tuangalie saa ya kuchoma pori. Upande wa Zambia, kule Ndola, mu pori la miombo sawa na la kwetu, majaribio yalianza mwaka wa 1933: sehemu moja ilichomwa mapema, mwanzo wa kiangazi, sehemu nyingine ilichomwa mwisho, na nyingine haikuchomwa kabisa. Kisha miaka mingi, sehemu iliyochomwa mwisho ilipoteza miti yake, ikabaki nyasi. Iliyochomwa mapema ililinda miti mingi. Sababu yake wazee wanaijua: mwezi wa tano nyasi bado zina maji, moto ni mudogo na unatii. Mwezi wa tisa kila kitu ni kikavu, upepo ni mukali, moto unakuwa bwana. Kwa hiyo mwenye kutaka kulinda nyumba yake achome nyasi za kando mapema, siku isiyo na upepo, pamoja na majirani na maji karibu. Anayewasha mwezi wa tisa na kwenda zake, huyo anacheza na nyumba za watu. Shefu wa kartiye amuite, na gharama zimwendee.

Na matofari. Nyumba ikiungua, wote tunakimbilia matofari ya kuchoma, na kila tanuru inakula kamyo za miti. Miti ikiisha nyasi zinachukua nafasi yake, na nyasi njo zinaleta moto. Hivi tunajenga nyumba ya leo kwa kuandaa moto wa kesho. Kuko njia ingine: matofari ya udongo yaliyobanwa kwa mashini ya mukono na simenti kidogo, yanakauka bila kuchomwa. Mashini moja inaweza kusaidia avenia nzima. Kama komine inatafuta mahali pa kutia feza ya redevansi, mashini hizo si ghali kama gari la kiongozi.

Tumalize. Kwa komine ya Dilala na kwa jimbo la Lualaba tunaomba mambo matatu, na tutayauliza tena kila mwezi mpaka mvua: musitari wa walioungua ndani ya bajeti; kanuni ya orodha kwa kila kartiye, inayofanywa kabla siku tatu hazijapita; na majina ya wote waliolipwa, pamoja na kiasi, yabandikwe ukutani kwa komine. Kwa kampuni zote za migodi: kama munalipa watu, lipeni kila jamaa mukononi mwake, mbele ya mashahidi, na mutoe orodha wazi. Kutoa feza kwa viongozi na kufunga macho hakujengi nyumba ya mtu. Kwa watu wa Mukumbi, hesabu ya milioni 1.5 ifunguliwe, jina kwa jina. Aliyelipwa vizuri hataogopa, na aliyepewa 300 atajua kwa nini.

Na kwako, msomaji, leo jioni kabla ya kulala: toa mbabula inje. Kisha chukua karatasi ya parsele yako, piga picha yake, na uitume kwa mtu unayemwamini asiyelala ndani ya nyumba yako.